Jibu: Darasa la saketi za umeme wananakili tu, nifanyeje?

Mwalimu, umesema una wanafunzi 80, kanuni wanazijua lakini swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Usianze na kanuni, anza na ubashiri.

Unga rezista (vipande vya kukinza mkondo) mbili za megaomu 1, yaani omu milioni moja za ukinzani, mfululizo kwenye volti 12. Uliza: mita ikipima volti za rezista moja itasoma A, 6 kamili, B, zaidi, au C, pungufu? Kila mmoja ainue kikaratasi chenye herufi kifuani. Mikono haifai, watafuata wanaoaminika kujua. Wengi watachagua A. Mita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 itaonyesha kama 5.7, maana nayo imekaa sambamba na rezista na inavuta mkondo. Sababu usiitaje, waache wabishane wawili wawili dakika tano. Halafu weka rezista za kiloomu 10: mita inarudi 6.

Katika maswali mengine, waliopatia wakiwa chini ya theluthi, fafanua kwanza, la sivyo wataambukizana kosa. Wakizidi theluthi mbili, songa mbele.

Mtihani nao ubadilike, vinginevyo watarudi kukariri, na hapo huna wa kumlaumu. Kwenye ripoti za maabara, toa alama kwa ubashiri ulioandikwa na maelezo ya tofauti, hata ubashiri ukiwa umekosea.