Comic-Con ya San Diego: Mlangoni Hakuna Tiketi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mdogo wangu tunaishi Los Angeles na tunapenda vibonzo tangu utotoni. Je, tukifika San Diego alfajiri mwezi Julai, tutapata tiketi za Comic-Con, lile tamasha la vibonzo, mlangoni?

JIBU: Marahaba. Mlangoni hamtapata kitu, hata mkilala hapo. Beji za kuingilia tamasha hili, lililoanza mwaka 1970 na ambalo sasa hukusanya watu zaidi ya 130,000, huuzwa mtandaoni miezi mingi kabla, na anayeruhusiwa kununua ni yule tu aliyekwisha kufungua akaunti ya uanachama, ambayo ni ya bure, kabla ya siku ya mauzo. Siku hiyo wanaosubiri hupangwa kwa bahati nasibu, hivyo kuwahi hakusaidii.

Mkibahatika, jihadharini na Ukumbi H, wenye viti wapatao 6,500, ambako studio kubwa hutangaza filamu zao. Kwa kuwa watu hawatolewi kati ya kikao kimoja na kingine, utamkuta mtu amekaa tangu asubuhi, mkoba magotini na mkate mkononi, akivumilia vikao vitatu asivyovijali ili akione cha nne. Mimi ningewaachia wengine foleni ya ukumbi huo, nikaenda kwenye meza za wachoraji, ambako msanii hukuchorea mhusika umpendaye huku mkizungumza.

Mdogo wako akivaa kama shujaa wake, silaha yake ya bandia itakaguliwa. Tena njooni kwa treni, maana maegesho ni shida.