Picha nilizozipa mwanga zimerudi giza

SWALI: Fundi, nisaidie. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa letu hapa Kariobangi South, na picha za kwaya nazipiga mimi kwa iPad aliyoniachia binti yangu. Dirisha liko nyuma ya waimbaji, kwa hivyo nyuso hutoka nyeusi tititi. Nimekuwa nikikaa jioni nazirekebisha moja moja: naongeza mwanga usoni, nanyoosha zilizopinda, nakata viti vya pembeni. Sasa tunaandaa kitabu cha kumbukumbu ya kwaya. Nimechomeka waya kwenye laptopu ya Windows, nikaingiza picha zote, na ninachokiona ni zile za mwanzo, giza lilelile. Kuna pia vijifaili vinavyoishia na AAE ambavyo havifunguki. Kwenye iPad bado ni nzuri. Baba watoto anasema nizifute huko kwa kuwa imejaa. Je, kazi yangu imepotea? — Katibu wa Kwaya

JIBU: Mama katibu, haijapotea hata moja. Ila usifute chochote, na Baba umwombe asubiri.

Ukirekebisha picha kwenye programu ya picha ya iPad, ile ya asili haiguswi. Kinachohifadhiwa kando ni maagizo: ongeza mwanga kiasi hiki, kata hapa, zungusha kidogo kushoto. Ni kama fundi cherehani aliyeandika vipimo kwenye karatasi na kukiacha kitambaa kizima. Karatasi hiyo ndiyo faili ya AAE, na Apple wameitumia tangu mfumo wao wa iOS 8 wa mwaka 2014. iPad inayasoma maagizo na kukuonyesha nyuso zenye nuru. Windows haiyaelewi, kwa hivyo inakupa kitambaa.

Kuna habari njema zaidi. Kwa kila picha uliyoirekebisha, iPad huweka pia nakala iliyokamilika, na jina lake lina herufi E. Picha ya asili ikiitwa IMG_0412, iliyorekebishwa ni IMG_E0412. Kabla ya kuhangaika, fungua folda la picha kwenye laptopu, andika IMG_E kwenye kisanduku cha kutafutia, uone. Huenda zimo humo tayari, zimetawanyika katikati ya zile nyingine.

Zisipokuwepo, achana na programu ya kuingiza picha, unakili kwa mkono. Fungua iPad kwa nambari yako ya siri, chomeka waya, ukubali inapokuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kwenye laptopu ingia iPad, kisha folda la DCIM, ambamo kamera huweka picha. Ndani utakuta mafolda kadhaa. Yanakili yalivyo, kila folda peke yake, wala usimimine picha zote mahali pamoja. Hesabu ya majina ikifika 9999 huanza tena 0001, na picha mbili zenye jina moja zikikutana, moja inaweza kuifuta nyingine. Nimeona harusi nzima ya watu ikipungua namna hiyo, na hilo silitaki kwa kwaya yako.

Uhamishaji ukikatika katikati na kuleta ujumbe wa hitilafu, nenda kwenye mipangilio ya iPad, sehemu ya Photos, chini kabisa, uchague Keep Originals. Hapo iPad inaacha kubadilisha aina ya faili njiani, na mara nyingi ubadilishaji huo ndio unaokwamisha. Utapata faili za HEIC, aina ya picha inayotumiwa na Apple. Laptopu ikikataa kuzifungua, pakua kiongezo cha HEIF kutoka duka la Microsoft.

Hukohuko Photos, angalia kama umewasha iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, pamoja na Optimize iPad Storage. Ikiwa ndivyo, iPad huenda imebaki na picha ndogo tu, na kubwa ziko iCloud. Waya hauwezi kuleta kisichokuwepo. Na hapo ndipo ushauri wa Baba ungeumiza: iCloud ikiwa imewashwa, ukifuta picha kwenye iPad inafutwa kule pia.

Kwa zile chache za kuingia kitabuni, mimi ningetumia flashi. Zichague kwenye iPad, gusa alama ya kushiriki, uzihifadhi kwenye Files, kisha kwenye flashi. Zinatoka zikiwa na marekebisho yako, hazihitaji maagizo tena. Kwenye Options, hapo juu, unaweza kuchagua zitoke kwa aina inayofunguka popote. Ukinunua flashi Luthuli Avenue, jaribu kwanza: weka picha kadhaa, zifungue kwenye laptopu, ndipo uiamini.

Zihifadhi zote mbili, ya asili na iliyorekebishwa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kioo cha iPad kina taa nyuma yake na karatasi haina. Picha inayong'aa mkononi mwako inaweza kutoka imefifia kwa mchapishaji, na nyuso zetu nyeusi ndizo za kwanza kumezwa na wino. Lipia ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuagiza kitabu kizima. Waimbaji wa sauti ya nne wakiwa wamegeuka vivuli, ongeza mwanga kutoka kwenye picha ya asili. Usikubali kuambiwa kwamba "ngozi nyeusi hutoka hivyo." Waimbaji hao wamesimama pale miaka yote, waonekane macho.

Jumapili ijayo, kabla ya kupiga, gusa uso wa mwimbaji mmoja kwenye kioo. Kamera itapima mwanga wa uso badala ya ule wa dirisha.

SWALI: Mimi natumia tableti ya Samsung na programu ya kurekebisha picha ya Snapseed. Nikifungua DCIM kwenye kompyuta sizioni picha nilizorekebisha, kwa hivyo najitumia kwa WhatsApp. Kuna ubaya? — Kijana wa Rongai

JIBU: Upo, ndugu yangu. WhatsApp huzibana picha na kuondoa tarehe zilipopigwa, kwa hivyo kwenye kompyuta zitapangwa kwa siku ulizozituma. Ukilazimika, zitume kama hati, si kama picha. Lakini huna haja. Chomeka waya, kwenye tableti chagua uhamishaji wa faili, kisha utafute folda lenye jina Snapseed nje ya lile la kamera. Nakili folda lote.