Tunakwama siku ya kuchuma

Mhariri, wiki hii mmeuliza mkulima mdogo wa parachichi anakwama wapi zaidi, shambani au sokoni. Mimi nalima Rungwe, na naona tunakwama katikati ya hapo: siku ya kuchuma.

Shambani shida zipo. Miche ya kubebesha ya Hass, aina ya parachichi ya kuuza nje, ni ghali, mingine si Hass kabisa, na maji yakituama mizizi huoza. Lakini hayo bwana shamba atakuelekeza. Siku ya kuchuma unabaki wewe na mnunuzi.

Parachichi haliivi mtini. Hukomaa tu, likaiva baada ya kuchumwa, na Hass changa na iliyokomaa zote ni za kijani. Kwa macho utabahatisha. Kipimo chenyewe ni kukausha nyama ya tunda: masoko mengi ya nje hutaka gramu 100 zibakize walau gramu 21 hadi 24. Likiwahishwa hunywea na kubaki kama mpira. Sasa dalali anakuja mapema, bei ikiwa bado juu, fedha taslimu mkononi, nawe unadaiwa ada ya mtoto. Nani atamwambia arudi mwezi ujao? Wapo wanaouza mti mzima kwa kukadiria, matunda hata hayajajaa.

Mwaka 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kupeleka parachichi huko, tukashangilia. Sawa, ila safari ya meli ni ya wiki kadhaa, na tunda changa huumbuka likishafika.

Halafu kuna yanayokataliwa. Kreti zinaondoka na Fuso, uchambuzi unafanyika mbali: dogo, lina mikwaruzo, limenyofoka kikonyo. Msimu uliopita yangu mengi yalikataliwa, habari nikapewa kwa simu. Sikuyaona wala sikurudishiwa. Na matunda ya namna hiyo hukamuliwa mafuta, kwa hiyo yana bei, tena si yangu.

Mizani ndogo na maikrowevu vingetosha kupima ukomavu hapa hapa kijijini, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikivinunua. Uchambuzi nao ufanyike kabla gari halijaondoka, mwenye shamba akiwepo, aandikiwe stakabadhi ya kilo zilizopokelewa. Wanunuzi watasema inawachelewesha. Wasomaji wa Njombe na Mufindi, kama kwenu mnachambua kijijini, gharama analipa nani?

Msomaji, Tukuyu