Shangazi, mke wangu ameokoka na mimi siamini Mungu. Nimpe talaka?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41. Siamini kwamba Mungu yupo, na mke wangu alilijua hilo kabla hatujaoana. Miaka mitatu iliyopita, baada ya ujauzito wake kuharibika, alianza kwenda kanisa la walokole. Siku hizi ni mkesha kila Ijumaa, kufunga, kunena kwa lugha sebuleni na fungu la kumi kila mwezi. Juzi nimekuta mto wangu umepakwa mafuta ya upako. Nimejaribu kumwelimisha kwa hoja, hasikii. Nimechoka kuishi na mtu aliyeacha kufikiri. Nimpe talaka?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kushtuka usingizini ukakuta mtu anakukemea pepo wa kutoamini kunaudhi, na kutoamini kwako si ugonjwa wa kuombewa.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha, imevutia kwako sana. Una aya nzima ya William Miller na wafuasi wake wa Marekani, waliomsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, kukacha hakuja. Una aya nyingine ya msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilikofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yote hayo ni kweli. Ila mke wako hajakutajia tarehe ya mwisho wa dunia, na akifunga, kwa maelezo yako mwenyewe, jioni anakula. Ujauzito ulioharibika ndio uliopewa nusu sentensi.

Ulikuwa wa miezi mingapi? Hukusema. Na wewe uliumia? Hukusema. Umeandika kwamba ulimweleza kuwa "kitabibu ni jambo la kawaida", kesho yake ukaenda kazini, na kwamba wanawake wa kanisani wakaanza kuja nyumbani "bila kualikwa". Umelitaja kama kosa lao! Walikuja kukaa na mfiwa, mwanangu. Huo ulikuwa msiba, na wewe ulipaswa kuwa mfiwa mwenzake. Hakukimbilia kanisani kwa sababu aliacha kufikiri. Alikwenda kwa watu waliomruhusu alie.

Halafu kuna ule utafiti. Unasema mama mkwe wako alipolazwa kusubiri upasuaji wa moyo, ulitoa nakala ya ule utafiti wa mwaka 2006, uliopima kama maombi ya wengine yanamsaidia mgonjwa, ukaiweka juu ya Biblia ya mke wako, kitandani. Naufahamu. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo asilimia 59, na wale ambao hawakuwa na hakika, ingawa nao waliombewa, asilimia 52. Ni kazi ya maana, na anayehubiri kwamba maombi yanaponya moyo kuliko daktari anapaswa kuisoma. Lakini walioomba katika utafiti ule walikuwa watu wa mbali waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo. Mke wako alikuwa anamwombea mama yake mzazi. Hakuacha dawa, hakumzuia daktari. Aliogopa, akapiga magoti. Wewe ukaona huo ndio wakati wa kushinda mjadala. Ulimwonea, na ukweli wa takwimu haupunguzi uonevu huo hata kidogo.

Ndoa za siku hizi nazo zimenichosha kwa jambo hili. Watu wanachumbiana wanaulizana kila kitu: watoto wangapi, nani atalipa nini, tutaishi wapi. Hakuna anayeuliza: nikipatwa na jambo zito, utanishikaje? Kisha linapowapata, kila mmoja anakimbilia kwake, huyu madhabahuni, yule kwenye vitabu, na wanarudi nyumbani wakiwa mahakimu. Nani ana akili, nani atakwenda motoni. Watoto wanasikiliza. Umeniandikia kwamba unapowakuta wakiomba kabla ya kula unacheka "kidogo tu". Watoto hawajui kucheka kidogo, wanachojua ni kwamba baba anamcheka mama. Acha.

Mke wako naye ana kosa. Kukupaka mafuta kwa siri si upendo, na hata Biblia yake haimtumi huko. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unawaambia wanawake wenye waume wasioamini wawavute kwa mwenendo, pasipo neno. Paulo naye, katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, anasema mume asiyeamini akikubali kukaa na mkewe, mke asimwache. Mwambie hivyo kwa upole, kisha mwombe mto wako auache.

Kwenye pesa nakuunga mkono nusu. Fungu la kumi analitoa kwenye mshahara wake, na hukuniambia kama ada ya watoto imekosekana. Basi ni lake. Akiba yenu ya pamoja ni habari nyingine. Mhubiri anayemwambia mtu "panda mbegu" ya akiba ya nyumba ili Mungu airudishe mara mia anacheza na shida za watu, na hapo mke hana haki ya kuamua peke yake. Wekeni kiwango mnachokubaliana wote wawili. Siku akiambiwa aache dawa, awatoe watoto shule, akate ndugu zake au akabidhi hati ya nyumba, utanikuta upande wako bila masharti. Simama kidete, ita wazee, ita polisi ikibidi. Katika barua yako yote sijaona hata dalili moja ya hizo.

Talaka? Hapana. Wala usijifanye umeokoka, ataona na itamuumiza zaidi. Siku moja watoto wakiwa hawapo, mwambie unataka kuzungumza kuhusu mtoto mliyempoteza. Usitaje kanisa wala Mungu. Muulize ilikuwaje kwake ile wiki uliyokwenda kazini, halafu nyamaza usikilize mpaka amalize, hata kama katika kumaliza atasema Bwana ndiye aliyemshika. Usimsahihishe. Kisha mwambie wewe ilikuwaje kwako, kwa sababu mpaka sasa hakuna anayejua, hata mimi uliyeniandikia kurasa zote hizi.