Chumvi Haipigi Hodi: Kwa Mgeni Anayehamia Mji Mdogo wa Pwani ya Joto

Mtu anayehamia mji mdogo wa pwani katika ukanda wa joto kwa kawaida huja amejiandaa kwa jua na mbu. Kinachomtoa jasho ni nyumba. Miezi mitatu haijaisha, bawaba za milango zinalia, viatu vya ngozi vimeota ukungu kabatini, na tundu la kuchajia simu limeshika kutu ya kijani. Wengi hulaumu vitu feki. Mara nyingi vitu havina kosa. Kinachoviharibu ni hewa, na anayejua hewa ya bahari inavyofanya kazi huokoa fedha nyingi kwa kazi ndogo ya kila wiki.

Mawimbi yanapovunjika hurusha matone madogo mno. Maji hukaukia angani, chumvi hubaki, na upepo huipeleka hadi ukutani, kwenye wavu wa dirisha na nyuma ya friji. Chumvi hiyo hunyonya maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe bila tone la mvua, na pwani za joto hufika kiwango hicho karibu kila usiku. Kwa hiyo chuma chenye vumbi la chumvi hulala ndani ya maji ya chumvi usiku kucha, hata kama mchana ukikigusa ni kikavu. Ndiyo maana kupangusa kwa kitambaa kikavu hakusaidii, kwani kunaisambaza tu. Dawa ya chumvi ni maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, basi.

Hilo lianze kukuongoza tangu siku ya kutafuta nyumba. Kiasi cha chumvi hushuka haraka kadiri unavyouacha ufuko. Nyumba iliyo mita 300 au 400 ndani, nyuma ya miti au majengo, hupata sehemu ndogo tu ya kile kinachoipiga nyumba ya mstari wa mbele. Kama moyo wako uko kwenye kutazama bahari, chukua hiyo ya mbele, lakini ujue unachukua na kazi yake. Itazame nyumba mara mbili, mara moja ikiwa ndani ya mvua kubwa. Fungua makabati unuse. Tazama dari kama lina madoa ya maji. Chunguza chini ya baraza na ngazi za zege: ukiona nyufa zenye michirizi ya rangi ya kutu, nondo za ndani zinaoza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, zege litaendelea kupasuka kutoka ndani. Rangi mpya juu ya nyufa hizo haibadilishi kitu. Fungua koki mbili kwa wakati mmoja uone nguvu ya maji. Waulize majirani maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, hufika wapi. Kisha panga kwa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kusaini mwaka mzima, na siku ya kuingia piga picha kila chumba ukiwa na mwenye nyumba, muweke sahihi orodha ya vitu na hali yake. Bila orodha hiyo, kutu ya miaka iliyopita inaweza kuhesabiwa kuwa yako utakapotoka.

Ununuapo vitu vya chuma, stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) si moja. Ile ya kawaida, namba 304, hutoka madoa ya kahawia karibu na bahari. Inayofaa ni 316, ambayo imeongezwa metali ya molibdeni. Kwenye bolti na skrubu hizo mbili huandikwa A2 na A4, nawe tafuta A4. Hata hiyo bora ina mtego: ukiifunga moja kwa moja kwenye fremu ya alumini, unyevu wa chumvi hugeuza metali hizo mbili kuwa kama betri, na inayoliwa ni alumini. Weka kipande cha plastiki katikati. Kufuli, bawaba na reli za madirisha zipakwe mafuta ya silikoni au grisi kila mwezi. Mafuta ya kula yasitumike, maana huganda na kushika mchanga.

Kila wiki, na siku hiyo hiyo upepo mkali wa baharini ukitulia, shika mpira wa maji uoshe nyavu za madirisha, mageti, baiskeli au gari hasa upande wa chini, na sehemu ya nje ya kiyoyozi. Kiyoyozi kizimwe kwanza kwenye swichi yake kuu, kisha umwagie maji taratibu bila presha kubwa, kwa sababu mapezi yake ya alumini hupinda kwa urahisi na yakipinda hewa haipiti. Vichujio vya ndani huoshwa kila wiki mbili. Bomba linalotoa maji ya kiyoyozi huziba kwa ute. Mimina kikombe cha siki kila mwezi kabla hujakuta ukuta unavuja.

Kiyoyozi kina kosa lingine linalowapata karibu wageni wote: kukiweka nyuzi 18. Kuta hupoa mno, mlango ukifunguliwa hewa ya nje yenye unyevu hugusa ubaridi huo na kugeuka maji, na ukungu hupata chakula chake. Nyuzi 25 au 26 zinatosha. Wala usinunue kiyoyozi kikubwa kuliko chumba. Hupoza haraka na kuzima kabla hakijaikausha hewa, nawe unabaki na chumba baridi chenye majimaji.

Ukungu huota unyevu ukikaa juu ya asilimia 70. Nunua kipima unyevu kidogo, lenga chini ya 60. Fanicha zisigusane na ukuta. Acha sentimita 5 hadi 10 hewa ipite. Nguo uliyoitolea jasho hata saa moja isirudi kabatini. Ukungu ukishatokea mahali pagumu, sugua kwa maji na sabuni kisha kausha kabisa, ndipo upake rangi, kwa maana rangi iliyopakwa juu ya ukungu hai hubanduka. Ukitumia dawa ya klorini, kamwe usiichanganye na siki wala amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kamera, darubini, pasi za kusafiria na vyeti viwekwe kwenye sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ya aina inayobadilika rangi ikishiba. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Silika iliyoshiba haitupwi: itandaze kwenye trei, iwe ndani ya oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, iache ipoe kwenye chombo kilichofungwa, kisha irudishe. Na unapotoka na kompyuta kwenye chumba cha ubaridi, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto la nje kwanza. Ukiitoa papo hapo, maji hutanda juu yake na ndani yake pia.

Umeme wa mji mdogo mara nyingi hutoka mwisho wa laini ndefu, hivyo volti hupanda na kushuka. Soma lebo ya kila kifaa kabla ya kukichomeka. Palipoandikwa 100–240V hakuna shida; palipoandikwa 120V pekee, kwenye umeme wa 230V kitaungua. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwa hiyo kifaa chenye mota kilichotengenezwa kwa hezi 60 kitazunguka polepole na kupata joto kwenye hezi 50. Bora kukiacha ulikotoka. Friji ipewe kilinda volti chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde chache, gesi ndani ya kompresa (pampu ya friji) bado ina mgandamizo, mota hushindwa kuanza na kuungua. Dakika hizo ndizo huiponya. Umeme ukikatika, usifungue friji: hudumisha ubaridi saa 4 hivi, na friza iliyojaa huenda saa 48, iliyo nusu 24. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Radi ikinguruma, chomoa plagi pamoja na nyaya za antena na intaneti, maana radi hupitia kote huko.

Maji yahesabu mapema. Mtu mmoja hutumia lita 50 hadi 100 kwa siku. Watu watatu kwa lita 80 kila mmoja, mkitaka kuvumilia siku tano za ukavu, mnahitaji lita 1,200. Tangi lisipenyeze mwanga, la sivyo mwani huota ndani. Liwe na mfuniko wa kubana na wavu kwenye tundu la hewa. Ukivuna mvua, milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kwenye paa la mita za mraba 100 mwaga milimita ya kwanza, yaani lita 100, kwa kuwa hizo huosha chumvi na vinyesi vya ndege. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja nzima, au uweke matone mawili ya klorini ya kufulia isiyo na manukato (nguvu ya asilimia 5 au 6) kwa kila lita, usubiri dakika 30. Klorini hupungua nguvu haraka kwenye joto, kwa hiyo nunua chupa ndogo.

Kisima karibu na bahari kinataka adabu. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi kidogo. Kanuni ya wataalamu husema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi chini yake. Maana yake ukivuta pampu kwa saa nyingi na kushusha maji kidogo tu, chumvi hupanda kwa kasi kutoka chini. Pampu kidogo kidogo kila siku kuliko kujaza tangi zima kwa mkupuo. Maji yakianza kuonja chumvi, kipumzishe. Kuchemsha hakuondoi chumvi.

Katika mji mdogo fundi wa friji anaweza kuwa mmoja. Mjue kabla hujamhitaji, mlipe kwa wakati. Msimu wa watalii ukiisha baadhi ya maduka hufunga na mashine ya fedha inaweza kukauka, hivyo weka pesa taslimu za wiki mbili na dawa zako za kudumu za miezi miwili. Kibali cha kuishi anza kukihuisha miezi mitatu kabla hakijaisha, na hakikisha pasi ina zaidi ya miezi sita mbele.

Kwa mbu, siku ya kumwaga maji iwe moja kwa wiki bila kukosa, kwa sababu mbu wa dengue hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai yake hushikamana na ukuta wa ndoo na kuvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo sugua. Mbu huyu huuma mchana. Wa malaria huuma usiku. Ukijipaka, krimu ya jua hutangulia, dawa ya mbu hufuata. Homa ikikupata palipo na malaria, pima siku hiyo hiyo. Mpaka dengue iondolewe shaka, tumia parasetamoli tu, kwani aspirini na aibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu. Na homa ya dengue ikishuka usidhani umepona: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au damu kwenye fizi baada ya homa kushuka ni safari ya hospitali bila kungoja asubuhi. Mchubuko wa matumbawe nao uoshe kwa maji mengi na sabuni, utoe vipande vyote, maana mabaki yake hufanya kidonda kikae wiki nyingi.

Bahari yenyewe isomeke kama ratiba. Sehemu nyingi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Unapoogelea, ogopa pale palipotulia baina ya mawimbi mawili yanayovunjika, penye rangi nzito na povu linaloelekea nje: huo ni mkondo wa kurudi baharini. Ukikuchukua usipambane nao. Elea, kisha ogelea sambamba na ufuko mpaka uachie, ndipo urudi kwa mshazari. Ukitembea kwenye mwamba, fuata maji yanapopwa na anza kurudi yakifika chini kabisa, kwa kuwa hayajai kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huleta sehemu moja tu ya kumi na mbili, ambayo hata huioni, na saa ya tatu na ya nne kwa pamoja huleta nusu ya maji yote.