Leseni unayo, lori hujawahi kulala nalo

Dogo, umeuliza uache bodaboda hapo Nyakato, Mwanza, uingie kwenye malori wakati una leseni ya D tu. Mi nasema bodaboda usiuze kwanza. Malori yanataka leseni daraja E, na hata ukiipata tajiri gani atampa mgeni semi yake siku ya kwanza?

Tafuta dereva mtu mzima uwe tandiboi wake, yaani msaidizi wa kwenye lori, hata trip mbili za Rusumo mpakani na Rwanda, siku hizi pale ziwani Busisi mnapita darajani hamsubiri kivuko, ila ukifika mpakani unaweza lala siku kadhaa chini ya trela, unagonga matairi na nyundo saa tisa usiku kusikiliza lipi limelegea, na posho ishaisha. Ukirudi bado unataka, nenda chuo cha ufundi VETA ukasomee udereva. Mke umemwambia lakini?