Kumpiga mama bomba la choo: stara, saumu na udhu

SWALI: Assalaam alaykum, Shehe. Mama yangu ni mtu mzima, hainuki kitandani bila kushikwa, na hufunga choo siku nyingi mpaka tumbo linajaa. Daktari ameelekeza awe anapigwa bomba nyumbani, yaani aingiziwe maji kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa ili choo kitoke. Tupo mimi na mke wangu tu, dada zangu wako mbali. Je, yafaa mimi mwanawe wa kiume nimfanyie? Saumu yake inakuwaje, maana Ramadhani imekaribia? Na udhu wangu mimi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amponye mama, na akuandikie thawabu kwa kumtazama.

Bomba ni tiba, na tiba tumeamrishwa. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Linalotushughulisha hapa ni tupu, yaani sehemu za siri, kwa kuwa hii ni sehemu ambayo haifunuliwi ila kwa haja ya kweli.

Kwa hiyo wa kwanza kulifanya ni mama mwenyewe. Ikiwa mikono yake ina nguvu, mtayarishieni maji na mpira, ajiingizie mwenyewe chini ya shuka, nanyi mkae karibu. Watu wengi huiruka hatua hii. Wakimwona mtu hatembei, wanadhani hawezi lolote. Akishindwa, afanyiwe na mwanamke. Mkeo yuko, ila tuelewane: kumhudumia mama yako si wajibu wake kisheria. Muombe, usimlazimishe, na akikubali ujue hiyo ni hisani yake. Akikosekana yeye, muuguzi wa kike au mwanamke mwingine mwaminifu. Akikosekana mwanamke kabisa, na mama anaumia, basi fanya wewe wala usione vibaya. Kanuni ya mafakihi, wanavyuoni wa sheria ya dini, ni kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

Kiasi chake ndicho hiki: mlango ufungwe, watoto watoke. Mama alale kwa ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, shuka imfunike kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujagusa shuka, naye akubali, kwani ana akili zake na ana haya zake. Vaa glavu, paka ncha ya mpira mafuta, inua shuka upande wa nyuma tu, na mpira ukishaingia ishushe. Huna haja ya kuendelea kutazama maji yakiingia. Mke wako naye afanye vivyo hivyo, kwani hata mwanamke kwa mwanamke mwenzake, baina ya kitovu na magoti ni tupu.

Maji yawe na uvuguvugu wa mwili, yaingie taratibu, kwa kiasi alichosema daktari. Mpira ukigoma usiusukume. Akipata maumivu makali, akitapika au ikitoka damu, acheni na mumpeleke hospitali. Na msimtie sabuni wala majani ya kusikia kwa watu; Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana.

Ama saumu, jumhuri ya wanavyuoni, yaani walio wengi, na ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, wanasema bomba linafunguza, yaani linabatilisha saumu, kwa kuwa ni kitu kilichoingizwa ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi. Mwanachuoni Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) ameona halifunguzi, kwani halilishi bali linatoa kilichomo. Hoja yake ina uzito, lakini sioni haja ya kuitegemea wakati usiku upo: mpigeni baada ya futari, ibada itoke kwenye shaka. Akizidiwa mchana apigwe mchana huohuo, kisha alipe siku ile, kwa kuwa Qur'ani (2:184) imempa mgonjwa siku nyingine. Na kama maradhi yake hayatarajiwi kupona na saumu imemshinda kabisa, hapo hakuna kulipa, ni fidya ya kulisha maskini mmoja kwa kila siku.

Udhu wa mama umetenguka kwa kinachotoka, hata kama ni maji matupu. Josho la janaba halimpasi. Asiharakishe kusali huku tumbo bado linamsukuma: katika Sahihi Muslim kuna hadithi ya Bibi Aisha inayokataza kusali mtu akizuia haja. Angoje tumbo litulie, ajisafishe, atawadhe, maadamu wakati unamtosha.

Wewe, ukiwa na glavu, udhu wako uko palepale. Ukigusa tupu yake kwa kiganja kitupu, kwa madhehebu ya Shafi udhu umetenguka. Kwa madhehebu ya Hanafi haukutenguka. Kinyesi kikikurukia mkononi au nguoni hakitengui udhu, ila ni najisi: osha pale kilipogusa, huna haja ya kubadilisha nguo nzima.

Wallahu a'lam.